Pilau ya Mshika Mbwa

Harufu ya ngozi iliyoloa ndiyo inayoniponza. Naweza kuwa kwenye foleni ya benki, mvua imetunyeshea sote, mtu aliye mbele yangu kabeba mkoba wa ngozi halisi, na mara moja nina miaka kumi na moja, nimesimama kwenye ujia mwembamba wa nyumba yetu ya ghorofa ya tatu pale Fereej Bin Mahmoud, Doha, baba anaingia kutoka kazini. Hanipi mkono. Ananionyesha kidole nisimame palepale nilipo, anavua viatu nje ya mlango, anapita akiwa amejibana ukutani ili asiniguse, anaingia bafuni na kutia komeo. Harufu inabaki kwenye ujia: ngozi, jasho, vumbi, na kitu kingine ambacho wakati ule sikuwa na jina lake.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kule mnajua jinsi tulivyokuwa tukijibu. Mtu akiuliza baba yako anafanya kazi gani, unasema sekyuriti, au dereva, na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi nilisema sekyuriti. Mama alikuwa mshonaji wa mabaibui kwenye duka la barabara ya pili, na hilo nililisema kwa sauti kubwa zaidi, maana mabaibui yalikuwa na shanga na nilidhani shanga ni utajiri. Kuhusu baba nilijua anavaa sare ya buluu, anaondoka alfajiri na basi la kampuni, na anarudi na harufu ile.

Lakini kwa Waswahili wa Doha baba hakuwa sekyuriti hata kidogo. Alikuwa Fundi. Wengi hawakulijua jina lake la kuzaliwa. Idi zote mbili, Maulidi, khitma ya aliyefiwa na mzazi huko nyumbani, akika ya mtoto, kote huko sufuria lilikuwa lake. Watu walikusanyika Najma, kwenye ua wa nyumba ya zamani waliyoipanga madereva wa Kizanzibari, na yeye mtu wa Tanga alisimama peke yake juu ya moto na mwiko mrefu, akawafukuza wote waliotaka kufunua kifuniko kabla ya wakati. Wapemba walibishana na Waunguja, watu wa Mombasa walibishana na wote, lakini pilau ya baba haikuwa na mbishi. Mimi ni mtu wa majivuno na sioni haya kusema. Majivuno hayo niliyaokota kwenye ua ule, nikiwa nimeketi na wanawake dirishani, nikisikia wanaume wanavyolamba vidole.

Sasa nije kwenye kopo. Bafuni kwetu, nyuma ya ndoo, kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga lililojaa udongo. Si mchanga, maana mchanga wa Doha tuliujua, ulituingilia hata kwenye chai. Huu ulikuwa udongo hasa, mweusi, wenye harufu ya shamba. Sikuwahi kuambiwa ni wa nini, nikajipa jibu mwenyewe: ni udongo wa Tanga, bibi ameutuma, na baba akichoka kazini anajipaka kidogo kwa ajili ya kukumbuka kwao. Nilipokuwa nikisikiliza mlangoni nilimsikia akihesabu polepole, moja, mbili, tatu, mpaka saba, na maji yakimwagika kila hesabu. Nikajua anahesabu miezi iliyobaki mpaka likizo. Nilichoshangaa ni kwamba mwaka ulikuwa unakwenda na miezi yenyewe haipungui.

Siku moja niliuchota udongo ule nikapanda choroko kwenye kikombe cha plastiki, kazi ya sayansi. Mama alipokiona kikombe dirishani alipiga kelele kama aliyeona nyoka. Alimwaga choroko zangu zote, akaurudisha udongo koponi kwa kijiko, akanikanya kwamba kopo lile ni la baba yako, halichezewi. Nililia kwa ajili ya choroko, lakini moyoni nilimwona baba ni mtu wa ajabu, anayeipenda nchi yake kiasi hicho.

Mwaka huohuo darasani kwetu tulifika kwenye Warumi wa kale. Mwalimu wetu wa historia alikuwa Mkenya, Madam Njeri, mwanamke mrefu aliyetufundisha kwa Kiingereza na kutugombeza kwa Kiswahili sisi wachache tuliokijua. Alikunja vikaratasi akavitia kwenye kofia, kila mtu achote mada yake, halafu baada ya wiki mbili asimame aisome mbele ya darasa. Rahma, msichana wa Najma ambaye baba yake alikuwa dereva na alikula pilau ya baba yangu kila Idi, alichota mabafu ya Warumi. Mwingine alichota barabara, mwingine askari. Mimi nilichota mbwa na mbwa mwitu. Darasa zima lilicheka, na Rahma akajivuta kwenye benchi akaniacha nafasi, kana kwamba mbwa mwenyewe nimemkalisha mapajani.

"Madam, naomba nibadilishe," nilisema.

"Wewe, chenye umepata ndio chako," alijibu. "Hakuna kubadilishana hapa. Unaogopa karatasi?"

Jioni, tukifuturu, maana Ramadhani ilikuwa imeanza, nikamshitakia baba. "Baba, nimepewa mbwa."

Alisitisha tonge. "Nani kakupa mbwa?"

"Mwalimu. Mbwa wa Warumi. Naomba umpigie simu umwambie sisi Waislamu."

Baba akamtazama mama, mama akatazama mchuzi. Nikadhani nimesema neno la aibu. Kisha baba akacheka, kicheko cha puani. "Kwani Waislamu hatusomi?" alisema. "Lete kitabu."

Baba alisoma Kiingereza kwa shida, lakini picha alizisoma kuliko mimi. Nilikuwa nimepewa kitabu cha maktaba chenye picha ya sakafu ya nyumba ya Kirumi, vijiwe vidogo vidogo vimepangwa mlangoni vikawa umbo la mbwa mweusi aliyefungwa mnyororo, na chini yake maneno ya kumwonya mgeni ajihadhari naye. Mimi niliona mbwa mkali. Baba aliinamisha kichwa akasema, "Huyu wamemfunga vibaya. Tazama shingo, mnyororo mfupi, hawezi kulala akajinyoosha. Mbwa akifungwa hivi mchana kutwa anaharibika akili, anamng'ata hata anayemlisha."

"Umejuaje?"

"Naona tu."

Tulikaa na kitabu kile kila jioni. Nilijifunza kwamba Warumi walikuwa na mbwa wakubwa wa vichwa vizito waliowatoa milima ya upande wa Wagiriki, na wengine wembamba wa mbio za kukimbiza sungura. Mbwa wa mchungaji walimtaka awe mweupe, ili kiza kikianza kuingia mchungaji asimpige rungu akidhani ni mbwa mwitu. Mbwa wa kulinda shamba walimtaka mweusi, ili mchana mwizi amwogope na usiku asimwone. Walimvika shingoni ukosi wa ngozi wenye misumari, mbwa mwitu akija kumkaba koo aumie yeye. Na vibwa vyao vidogo vya nyumbani walivizika vikifa, wakavichongea mawe ya makaburi yenye maneno ya huzuni. Hilo la makaburi lilimchekesha mama mpaka akashika mbavu.

Na mbwa mwitu wao je? Mimi mbwa mwitu niliyemjua ni yule wa mbugani kwetu, mwenye mabaka na masikio ya mviringo, kwa hiyo niliposoma kwamba watoto mapacha waliotupwa mtoni walinyonyeshwa na mbwa mwitu jike, na mmoja wao akaja kuujenga mji wa Roma, niliwachora mapacha wakiwa chini ya mnyama wa Mikumi. Baba alinisahihisha. Wa kule ana manyoya ya kijivu na mkia mzito, alisema, na huyo ndiye babu wa mbwa wote, hata wale wanaolala kwenye makochi ya watu hapa Doha. Warumi walimwogopa huyo mama kwenye zizi lao, na hapohapo wakajivunia maziwa yake. Baba alilipenda jambo hilo, akalirudia mara mbili.

Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa, siku ya mapumziko, akamwambia mama, "Kesho nakwenda naye."

"Utamwambia nini mtoto?" mama aliuliza.

"Hatamwandika mnyama asiyemwona."

"Na akitoka hapo akasema?"

Baba akazima taa. Asubuhi tulipanda teksi mpaka upande wa Al Thumama, ambako siku zile kulikuwa na mabohari, mchanga na nyaya za umeme. Nyuma ya bohari moja palikuwa na mabanda yenye feni kubwa na vivuli vya turubai. Mlangoni tulipokewa na Mkenya mnene mchangamfu, Otieno, mwenye sare kama ya baba.

"Kumbe huyu ndio msichana wa Fundi!" alisema. "Karibu sana. Hapa babako ndio mdosi. Hii simba nyeusi yake, mimi ikiniona inaninyima hata salamu. Imekataa watu wanne before yeye akuje. Mudiri wa kampuni alisema huyu auzwe, khalas. Babako akasema ngoja."

Baba alifungua banda la mwisho, na akatoka mnyama mweusi, kifua kipana, kichwa kama jiwe la kusagia, na vidoa viwili vya kahawia juu ya macho. Jina lake lilikuwa Kaisari. Jamii yake wanaitwa rotwaila, na baba aliambiwa na mkufunzi wao kwamba mababu zake walitembea na majeshi ya Kirumi, wakiswaga ng'ombe wa chakula cha askari kuvuka milima ya theluji, na wengine wakaachwa huko Ujerumani majeshi yaliporudi. Hakuna mwenye hati ya jambo hilo, alisema, lakini mtazame miguu, huyu ni mswaga ng'ombe.

Nilijificha nyuma ya Otieno. Baba hakupandisha sauti. Alisema, "Kaa," kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, na yule mnyama akakaa. "Lala." Akalala. Otieno akavaa mkono wa magunia akakimbia akipiga mayowe, baba akasema neno moja na Kaisari akaruka, akamning'inia mkononi, vumbi likatimka. "Acha," baba alisema. Akaacha, akarudi, akasimama ubavuni pa goti la baba na kumtazama usoni, akingoja. Mbwa wenzake wote walifundishwa kwa Kiingereza na Kijerumani. Huyu peke yake alikuwa Mswahili.

Sijui niseme vipi nilivyojisikia. Nilikuwa nimezoea baba anayekaa kimya kwenye basi, anayesimama pembeni ya kaunta za ofisi na faili mkononi, anayeitwa kwa namba. Hapa nilimwona ameshika kamba ya ngozi iliyolainika kwa jasho lake mwenyewe, na kiumbe ambacho wanaume wanne walishindwa nacho kikimsubiri aseme. Kifua kilinijaa. Nilitaka darasa lote liwepo.

Tulipomaliza alikwenda kwenye bomba. Kaisari alikuwa amemlamba mikono yote miwili. Pale chini palikuwa na kopo jingine la udongo, ndugu wa lile la kwetu. Alichota, akautia maji, akasugua mpaka viwikoni, akasema, "Moja." Akasuuza, "Mbili." Mdomo wangu ukaanza kuhesabu pamoja naye. Saba, moja ya udongo: ndivyo Ustadh Haji alivyotufundisha madrasa Najma kuhusu chombo alicholamba mbwa, nasi tuliimba kama wimbo bila kufikiri kwamba kuna mtu anayefanya hivyo kweli, kila siku ya Mungu, hapa na tena nyumbani kwa kutojiamini. Bibi hakuwa ametuma udongo wowote. Baba aliununua kwenye duka la kuuza miche ya maua.

"Umeelewa sasa?" aliniuliza.

"Nimeelewa."

"Basi na hili ulielewe. Kule Najma hakuna anayejua. Wakijua mkono huu unashika mbwa, hawatakula tena kwenye sufuria langu. Hapa nina namba tu, mwanangu. Kule nina jina. Usinipotezee."

Niliapa. Niliapa kwa kidole, kwa Mungu na kwa bibi.

Siku ya kusoma mada niliinuka na karatasi zangu nikasoma vizuri, najisifu mwenyewe. Nilisoma mnyororo mfupi na ukosi wa misumari, nikasoma mweupe wa mchungaji na mweusi wa mlinzi, nikafika kwa wajukuu wao walioko duniani leo, wanaoswaga, wanaolinda, wanaonusa. Madam Njeri alikuwa ameacha kusahihisha madaftari, ananisikiliza. Nilipokaa Rahma akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Umeyajua sana mambo ya najisi. Sisi kwetu mtu anayeshika mbwa hata kikombe chetu hakigusi. Wachafu wale."

Ulimi hauna mfupa. Nilisimama tena, bila kuitwa, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka korido, "Baba yangu anashika mbwa. Ndiye mshika mbwa bora kuliko wote Doha. Na wewe umekula pilau yake kila Idi ukaramba sahani!"

Rahma alifunika mdomo kwa viganja viwili. Nami hapo ndipo nilipoisikia sauti yangu, nikajua nimefanya nini.

Haikuchukua siku mbili. Simu ya baba ambayo kila mwisho wa Ramadhani ilikuwa haipumziki, mchele utoshe kilo ngapi, nyama ya mbuzi au ya ng'ombe, ikanyamaza. Mama alikutana na mama yake Rahma sokoni, yule akageukia nyanya. Mimi nilikaa na homa ya uongo kitandani mpaka nikashindwa, nikaenda kumwambia baba mwenyewe. Nilitarajia kofi. Alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Ulisema kwa kunidharau?" aliuliza.

"Hapana, baba."

"Kwa nini basi?"

"Kwa kukusifu."

Aliendelea kupiga pasi kola ile ile kwa muda mrefu. "Mimi nilikuomba unyamaze," alisema mwishowe, "na sikuona haya kumwomba mtoto anifichie kazi yangu." Akaligeuza shati upande wa pili, na ingekuwa afadhali kofi.

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, baada ya sala ya alasiri, mlango uligongwa. Alikuwa Ustadh Haji, Mzanzibari aliyekuwa dereva wa familia moja ya Kiqatari siku za kazi na mwalimu wetu wa madrasa siku za mapumziko. Alikuwa mkali, mwembamba, na funguo za gari hazikumtoka kidoleni. Alikaa kwenye ukingo wa kochi.

"Fundi, n'shasikia maneno ya watoto, sasa nataka ya watu wazima. Kweli wewe mshika mbwa?"

"Kweli."

"Mbwa wa nini?"

"Wa ulinzi."

"Mbwa wa ulinzi hana tabu. Wa kulinda, wa kuwinda na wa mifugo, watatu hao wana ruhusa yao."

"Kama Warumi!" mimi nilidakia kutoka mlangoni. "Na wao waliwagawa hivyohivyo, watatu!"

Ustadh aligeuka. "Warumi wako wana madrasa?" aliuliza, na mama akanivuta kwa sikio, ingawa nilimwona Ustadh akibana midomo asicheke. Akamrudia baba. "Unajitwahirisha?"

Baba alinyanyuka, akaleta kopo, akaliweka mezani mbele yake. Ustadh alilitazama akatia kidole, akaunusa udongo. Akakipangusa kidole.

"Sikiliza, bwana," alisema. "Mimi mbwa sina ugomvi naye. Mbwa ana dawa yake, maji na udongo, nawe dawa unaitumia kuliko sisi tunaoisomesha. Ugomvi wangu ni hii miaka sita. Umetulisha miaka sita hukutwambia, ukatuamulia wewe kwamba hatuwezi kujua. Hilo la kufichwa, n'ambie, linaoshwa mara ngapi?"

Baba aliinamia kopo, akalifunika.

"Mficha uchi hazai," Ustadh alisema akiinuka. "Njoo Idi, upike. Lakini kabla kifuniko hakijafunuliwa, useme mwenyewe, mbele ya watu. Atakayekula ale, asiyetaka asile. Na mimi sikuahidi kitu."

Mama alitaka tubaki nyumbani tule tambi zetu. Alisema atakapowaona wanaume wanampa mume wake mgongo hatasamehe mpaka afe, na mama yangu akisema neno kama hilo analitimiza. Baba akasema atakwenda. Kwa siku tatu zile alikuwa mwepesi wa kusahau, aliweka chumvi kwenye chai, na mimi niliomba kila sala Mungu arudishe nyuma siku ile ya darasani.

Siku ya Idi alipika kama kawaida. Harufu ya bizari na vitunguu ilijaa ua wote wa Najma, watu wakaingia na kanzu zao mpya, wakasalimiana, lakini hakuna aliyesogea jikoni kumtania. Masinia kumi yalipangwa kwenye majamvi. Baba alisimama mbele ya sufuria, kofia imenyooka, na sauti yake ilikuwa ileile ya Al Thumama, ya chini.

"Ndugu zangu, Idi mubarak. Mimi kazi yangu nashika mbwa. Mwaka wa sita huu. Namlisha, namtembeza, namkosha, na kila nikitoka kwake najitwahirisha kama tulivyofundishwa, sijaruka hata siku moja. Kosa langu ni kuwaficha, na nawaomba radhi kwa hilo. Kwa kazi yangu siombi radhi. Pilau hii nimepika mimi. Karibuni."

Akapakua masinia yote kumi bila haraka. Kisha akakaa kwenye la katikati, akakunja miguu, akanawa, akangoja. Sinia moja hukaliwa na watu watano. Nafasi nne zilimzunguka tupu. Wanaume walisimama. Mmoja alirekebisha kofia iliyokuwa sawa, mwingine akatazama simu ambayo haikulia, na baba yake Rahma akawachukua wanawe akatoka nje bila kuaga. Moshi wa pilau ulipanda juu ya masinia na hakuna aliyekaa.

Nilikuwa dirishani na wanawake. Nilimwona baba yangu mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa umenyooka, na nilijua aliyemkalisha pale peke yake ni mimi. Msichana wa umri wangu haendi kukaa kwenye sinia la wanaume. Jambo hilo halikuhitaji kufundishwa. Nilipoanza kuondoka mama alinishika gauni kwa nyuma. Tulitazamana. Akaliachia.

Nilivuka ua nikiwa na viatu vyangu vya Idi vinavyopiga kelele. Nilivivua kwenye ukingo wa jamvi, nikanawa, nikakaa kulia kwake na kukunja miguu kama wavulana.

"Rudi kwa mama yako," baba alisema chini kwa chini.

"Sirudi."

Nikatia mkono. Tonge lilikuwa la moto mno na liliniunguza ulimi, nikalimeza hivyohivyo, machozi yakanitoka, nikachota jingine. Baba naye akaanza kula. Tulikula sisi wawili, ua mzima ukitutazama, na naapa sijawahi kula chakula kitamu kama kile, si kabla wala baadaye.

Kisha nikasikia funguo za gari. "Jisogeze, binti," Ustadh Haji alisema juu ya kichwa changu. "Umekalia mahala pangu." Akakaa, akasema Bismillahi, akachota kwa vidole vyote. Baada yake alikuja dereva mmoja wa Pemba, kisha watu wawili wa Mombasa wakibishana nani amsukume nani, na kelele za majamvi zikaanza. Masinia mawili hayakuguswa mpaka mwisho, na wa kwao Rahma hawakurudi tena, si Idi ile wala nyingine. Mmoja wa wale wa Mombasa alimuuliza baba kama ni kweli huyo mbwa anasikia Kiswahili, na cha bara au cha pwani.

Kwetu mwenye chakula ndiye anayeikata nyama na kuisukuma upande wa mgeni. Baba alikata pande la paja, lile la juu lililoiva mpaka linaachia mfupa, akalisukuma mbele ya Ustadh. Ustadh alilitazama, akalisukuma mbele yangu.

"Huyu ndiye aliyekuja wa kwanza," alisema.

Baba hakubisha. Nikaila nyama yote, mbele ya wanaume wa Najma na wanawake wao dirishani, na sikuinamisha kichwa.